Taifa Dogo, Boti Nyembamba

Mwaka 1972 mjini Munich, vijana wanane wapiga makasia wa New Zealand na mshika usukani wao walisimama kwenye jukwaa la washindi wakisubiri wimbo. Kabla ya siku hiyo, mwanamichezo wa New Zealand akitwaa dhahabu ya Olimpiki alikuwa akipigiwa wimbo wa Malkia wa Uingereza. Safari hii bendi ikapiga "God Defend New Zealand", wimbo wa kwao, kwa mara ya kwanza katika historia ya Olimpiki. Majabali yale, yaliyotoka kuwaacha Wamarekani na Wajerumani Mashariki kwa zaidi ya sekunde mbili, yakalia mbele ya dunia nzima. Aliyewavisha medali ni Avery Brundage, rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mtu aliyeamini mpaka mwisho kwamba mwanamichezo wa kweli halipwi. Hawa hawakuwa wakilipwa. Walikuwa na kazi zao nyumbani, na fedha za safari zilitokana na michango na bahati nasibu za mitaani. Wimbo wenyewe ulikuja kutambuliwa rasmi kuwa wimbo wa taifa mwaka 1977, miaka mitano baadaye.

Kwa hiyo nikisikia mtu akisema kupiga makasia ni mchezo wa watoto wa matajiri wa Oxford na Cambridge, humsimulia Munich kwanza, kisha tunaendelea kuzungumza.

Wakati ule New Zealand ilikuwa haijafikisha watu milioni 3. Leo ina takriban milioni 5, idadi isiyofikia hata mkoa wa Dar es Salaam kwa sensa ya 2022. Tangu Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 hadi Paris 2024 nchi hiyo imetwaa dhahabu 15 za kupiga makasia. Jijini London mwaka 2012 ilitwaa tatu. Jijini Tokyo mwaka 2021 ilitwaa tatu tena na kuongoza nchi zote katika mchezo huo, mbele ya Waingereza, Wajerumani, Waholanzi na Wamarekani, watu wenye mito mikubwa, vyuo vikuu vya kale na fedha za kumwaga.

Mimi ni mtoto wa Ukerewe. Kwetu mtumbwi ni njia ya kwenda sokoni, kazini na msibani, na mtoto hujua kushika kafi kabla hajajua baiskeli. Pengine ndiyo maana mchezo huu ulinishika tangu nilipouona kwa mara ya kwanza kwenye televisheni, ingawa nilichokiona hakikufanana na chochote nilichokijua. Wale watu walikuwa wakienda kinyumenyume. Mvuvi hutazama anakokwenda. Mpiga makasia wa mashindano hutazama anakotoka, na mpinzani aliyemtangulia hamwoni kabisa. Anayemwona ni yule anayemfukuza.

Niieleze boti kidogo, maana bila kuielewa boti hutaielewa New Zealand. Ni nyembamba kiasi kwamba ukiyaachia makasia inapinduka. Kiti kiko juu ya magurudumu madogo na kinateleza mbele na nyuma kwenye reli, kwa hiyo nguvu kubwa hutoka miguuni, kisha mgongoni, na mikono humalizia tu. Kasia halishikwi hewani kama kafi. Limefungwa kwenye kilete cha chuma kilichotokeza nje ya ubavu wa boti. Wapo wanaoshika makasia mawili kila mtu, na wapo wanaoshika kasia moja kila mtu, huyu kushoto, yule kulia. Boti huwa ya mtu mmoja, wawili, wanne au wanane. Hiyo ya wanane hubeba na mshika usukani, mtu mwepesi asiyepiga kasia, ambaye kazi yake ni kuongoza na kuwasukuma wenzake kwa maneno. Umbali ni mita 2000, njia sita sambamba, na ukifika mita 1000 mapafu yanawaka moto huku nusu ya kazi bado iko mbele yako.

Hapo ndipo wanapokosea wanaosema mafanikio ya New Zealand ni maajabu. Hayana maajabu hata kidogo. Nchi yenye watu wachache haiwezi kupata kila kizazi vijana wanane warefu, wenye mapafu ya farasi, wanaolingana pumzi na mdundo. Lakini inaweza kumpata mmoja. Inaweza kuwapata wawili. Kwa miaka mingi, hasa kuanzia mwanzoni mwa karne hii, Wanyuzilandi waliwapanda watu wao bora kwenye boti ndogo, na boti ya wanane, ile yenye heshima kubwa kuliko zote, wakakubali isubiri. Mataifa makubwa yalifanya kinyume: waliwajaza mabingwa wao kwenye boti ya wanne na ya wanane kwa sababu huko ndiko kwenye sifa. New Zealand ikahesabu watu wake, ikajua kinachowezekana, ikaanza kukusanya dhahabu moja moja.

Mwaka 2005, kwenye mashindano ya dunia huko Gifu, Japani, hesabu hiyo ilionekana wazi. Katika muda usiofika saa moja New Zealand ilitwaa ubingwa wa dunia mara nne mfululizo: wanawake wawili wa kasia moja moja, wanaume wawili wa kasia moja moja, wanawake wawili wa makasia mawili mawili, na Mahé Drysdale peke yake kwenye boti ya mtu mmoja. Jumla ni watu saba. Watu saba waliitikisa dunia nzima ya mchezo huo kabla chai haijapoa.

Ukiuliza wametoka wapi, utapelekwa Karapiro.

Karapiro ni ziwa la kutengenezwa. Mto Waikato unatoka ziwa Taupō na kuteremka kaskazini kupitia mabwawa kadhaa ya umeme, na la mwisho kabisa ni hilo, lililokamilika mwaka 1947. Chini ya maji yake kimelala kituo cha zamani cha umeme cha Horahora, ambacho awali kilijengwa ili kuendesha mgodi wa dhahabu wa Waihi. Dhahabu ya leo inachimbwa juu ya maji. Ziwa ni refu na limekaa kati ya vilima vya malisho, na mji ulio karibu unaitwa Cambridge, jina la Kiingereza kwenye nchi ya Wamaori. Hapo ndipo kilipo kituo cha timu ya taifa. Mashindano ya dunia yamefanyika hapo mara mbili, mwaka 1978 na 2010.

Anayetaka kuiwakilisha New Zealand huhamia huko. Hilo ni jambo gumu kwa kijana anayeacha chuo, mchumba na wazazi, na silipuuzi. Lakini fikiria faida yake kwa nchi ndogo. Kila asubuhi maji ni yale yale, gati ni lile lile. Kijana wa miaka 19 anashusha boti yake majini kando ya bingwa wa Olimpiki, anamsikia akikohoa kwa baridi, anamwona siku anayopiga vibaya. Akipimwa, anapimwa dhidi ya mtu bora duniani aliye njia ya pili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Jumanne isiyo na watazamaji. Nchi yenye watu milioni 60 ina vituo vingi na ngazi nyingi, na mtoto anaweza kupanda ngazi hizo miaka kumi asikutane na bingwa ana kwa ana.

Kocha aliyeukamua utaratibu huo mpaka tone la mwisho ni Dick Tonks. Yeye mwenyewe alipata medali ya fedha Munich mwaka ule ule wa 1972, kwenye boti ya wanne. Alikuwa mtu wa maneno machache sana na kilomita nyingi sana. Wanafunzi wake ni orodha ya kutisha: Rob Waddell, bingwa wa Sydney 2000, mapacha Caroline na Georgina Evers-Swindell, Mahé Drysdale, Hamish Bond na Eric Murray. Waddell alishinda akiwa na tatizo la mapigo ya moyo, na mwaka 2008 aliweka rekodi ya dunia kwenye mashine ya mazoezi ya nchi kavu, mita 2000 kwa dakika 5 na sekunde 36.6, iliyokaa takriban miaka kumi bila kuguswa. Mwaka huo huo alikuwa akigombea na Drysdale nafasi ya kwenda Beijing. Boti ya mtu mmoja ilikuwa moja, nafasi ilikuwa moja, na wanaume wawili bora duniani walikuwa wa nchi moja na ziwa moja. Drysdale akaipata.

Kisha akaugua tumbo, siku chache tu kabla ya fainali. Mtu aliyekuwa bingwa wa dunia mara tatu mfululizo, aliyebeba bendera ya nchi yake kwenye ufunguzi, alifika kwenye mstari wa kuanzia akiwa amekonda na hana kitu tumboni. Akaongoza. Mita za mwisho nguvu zikamwishia, wakampita wawili, na alipomaliza alikuwa hajiwezi. Shaba ile ya Beijing naiheshimu kuliko dhahabu nyingi nilizowahi kuona. London 2012 alirudi akatwaa dhahabu. Rio 2016, akiwa na miaka 37, yeye na Damir Martin wa Kroatia walimaliza pamoja, muda ule ule, dakika 6 na sekunde 41.34, na ilibidi picha ya mstari wa mwisho ikuzwe ndipo ikaonekana ncha ya boti ya Drysdale ikiwa mbele kwa upana wa vidole. Mwaka 2024 wananchi wa Tauranga walimchagua kuwa meya.

Mapacha wa Evers-Swindell ni kisa kingine, na nikianza kukisimulia huwa sinyamazi. Walizaliwa Hastings mwaka 1978. Walishinda dhahabu ya Athens 2004 kwa raha. Baada ya hapo mambo yakaharibika. Kuelekea Beijing walikuwa wakishindwa mbio baada ya mbio, na wengi nyumbani walishauri waachiwe wengine. Kwenye fainali walikuwa nyuma. Mita 500 zikabaki, bado nyuma. Wajerumani waliokuwa mbele walipiga kasia la mwisho, na wao wakapiga la kwao, na boti zikavuka pamoja. Ubao ukakaa kimya, kisha ukaandika: New Zealand dakika 7, sekunde 7.32. Ujerumani dakika 7, sekunde 7.33. Sehemu moja ya mia ya sekunde, baada ya kilomita mbili. Miezi michache baadaye wakastaafu wote wawili.

Na Bond na Murray? Hao nawapitia haraka kwa sababu hawana kisa cha mashaka. Waliungana kwenye boti ya watu wawili mwaka 2009 na hadi Rio 2016 walishindana mara 69 bila kupoteza hata mara moja. Waingereza walikuwa na jozi nzuri kupita kiasi, Pete Reed na Andrew Triggs Hodge, waliopigwa tena na tena mpaka nchi yao ikaamua kuwahamishia boti ya wanne, na huko wakashinda dhahabu ya London. Ndio unajua mtu ni hodari pale mabingwa wa dunia wanapobadilisha mchezo ili wasikutane naye. London, mbio za mchujo tu, Bond na Murray waliivunja rekodi ya dunia kwa takriban sekunde sita wakaweka dakika 6 na sekunde 8.50.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kituo cha Karapiro peke yake hakitoshi. Ziwa haliwezi kuzaa watu. Wanaopelekwa Karapiro wametoka shuleni, na chanzo cha shuleni kina mkondo wa ajabu unaopita Afrika.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la New Zealand lilipiga kambi Maadi, kando ya Cairo. Baadhi ya askari walikuwa wapiga makasia nyumbani kwao, na mto Nile ulikuwa pale pale. Wakaazima boti, wakashindana na wenyeji wa Cairo, wakashinda, wakapewa kikombe. Vita vilipoisha kikombe kikasafiri hadi New Zealand, na tangu mwaka 1947 shule za sekondari zimekuwa zikikigombania. Linaitwa Kombe la Maadi mpaka leo. Wavulana wa boti ya wanane hushindania kombe hilo lenyewe na wasichana wana lao, lakini watu huita wiki nzima ya mashindano kwa jina moja tu, Maadi. Zaidi ya wanafunzi 2000 hukusanyika, mwaka mmoja Karapiro, mwaka unaofuata ziwa Ruataniwha katika Kisiwa cha Kusini, ambalo nalo ni ziwa la umeme. Wazazi hulala kwenye mahema na kupika uji kwa masufuria ya jeshi zima. Karibu kila jina nililolitaja hapo juu baada ya mwaka 2000 limepita katika mfumo huo wa shule na klabu.

Maji ya Nile yanayopita Maadi, sehemu yake imetoka ziwa letu, Victoria. Nilipolitambua hilo nilifurahi kama mtoto, na bado nafurahi.

Basi hesabu ni hii: shule chini, klabu katikati, ziwa moja juu, na boti ndogo zinazopewa watu bora. Fedha za serikali zilikuja baadaye na zimesaidia sana, sikatai. Makocha sasa hulipwa na wanamichezo hupata posho. Lakini mwaka 1968, kabla ya fedha hizo, dhahabu ya kwanza kabisa ililetwa na wachezaji wa akiba. New Zealand ilikwenda Mexico na boti ya wanane pamoja na akina akiba wa kuziba mapengo. Hao akiba wakachoka kukaa bure, wakaomba waingie boti ya wanne yenye mshika usukani. Kocha wao alikuwa Rusty Robertson, yule yule aliyewafundisha wale wanane wa Munich. Juu kule, kwenye hewa nyepesi ya mita 2240 kutoka usawa wa bahari, akiba wakawashinda Wajerumani Mashariki wakarudi nyumbani na dhahabu.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na kwa muda mrefu niliamini New Zealand haitashinda tena kwenye boti ya wanane. Ilipofika mwaka 2021 timu yao ya wanane ilikuwa haijafuzu kwenda Tokyo. Ilibidi waende Lucerne, Uswisi, kugombania nafasi za mwisho, katikati ya janga la korona, wakijua kurudi nyumbani ni kukaa karantini. Wakafuzu. Ndani ya boti alikuwemo Hamish Bond, ambaye baada ya Rio aliacha makasia akawa mwendesha baiskeli wa kimataifa, kisha akarudi majini. Kwenye fainali ya Tokyo wakaishinda Ujerumani, bingwa wa dunia, kwa chini ya sekunde moja. Miaka 49 ilikuwa imepita tangu Munich. Siku ile ile Emma Twigg, aliyemaliza wa nne London na wa nne tena Rio, akastaafu kwa muda kisha akabadili nia, alitwaa dhahabu ya boti ya mtu mmoja akiwa na miaka 34. Miaka mitatu baadaye, Paris, alirudi kuchukua fedha. Na Paris hiyo hiyo dhahabu pekee ya nchi yake katika kupiga makasia ililetwa na mama wawili, Brooke Francis na Lucy Spoors, waliojifungua wote mwaka 2022, wakarudi mazoezini na watoto wachanga, wakawashinda Waromania waliokuwa mabingwa watetezi. Timu iliwapangia mazoezi kuendana na ulezi. Nchi yenye watu wachache haiwezi kumpoteza mchezaji kwa sababu amekuwa mama, na nadhani hata nchi zenye watu wengi zingeanza kulifikiria hilo.

Kwenye mbio zile za Tokyo alizoshinda Twigg alikuwemo mwanamke wa kwetu Afrika Mashariki, Kathleen Noble, Mganda wa kwanza kupiga makasia Olimpiki, na wiki chache baadaye, kwenye Paralimpiki ya Tokyo, alikuwemo Asiya Mohamed Sururu wa Kenya. Hawakufika fainali ya medali. Niliwatazama wote wawili mpaka mwisho, na nilisimama.

Huulizwa kwa nini sisi, wenye Victoria, Tanganyika, Nyasa na pwani ndefu, hatupo kwenye mchezo huu. Jibu la haraka ni bei ya boti, na ni kweli boti ni ghali. Jibu la pili ni mawimbi: ziwa letu lina upepo, na boti nyembamba inahitaji maji yaliyotulia. Hata hivyo kuna jambo linakuja. Los Angeles 2028 Olimpiki itaongeza mbio za makasia za pwani. Mchezaji anakimbia mchangani, anarukia boti, anakata mawimbi akizunguka maboya, anarudi ufukweni na kukimbia tena hadi mstari wa kumalizia. Boti zake ni pana na imara zaidi, na watu wanaohitajika ni mmoja, au wawili, mwanamume na mwanamke. Boti ndogo tena. Hakuna haja ya ziwa la njia sita wala bwawa la umeme, na bahari yenye mawimbi tunayo kuanzia Lamu hadi Mtwara. Tayari nimewaandikia walimu wawili ninaowafahamu, mmoja Tanga na mwingine Bagamoyo, kuwauliza kama shule zao zina vijana wanaojua kuogelea vizuri na kama kuna mzazi mwenye karakana ya kutengeneza boti za faiba. Wa Tanga amejibu kwamba vijana anao, na fundi pia anamjua.